Babu wa Kariakoo na Mama wa Bustanini

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mkaaji wa Malindi. Kila nikienda mjini na binti yangu twapita Bustani ya Uhuru, pale penye sanamu ya Mekatilili, mwanamke wa Kigiriama, kabila la pwani ya Kenya, aliyeongoza watu wake kuwapinga Waingereza. Juzi akaniuliza vile vita vilikuwa vya nani, na waliokufa ni kina nani. Nikamweleza nilivyosimuliwa, lakini moyoni nikabaki na langu. Baba yake nyanya yangu alichukuliwa Kariakoo, kikosi cha kubeba mizigo ya jeshi, wakati wa vita vya Mjarumani na hakurudi tena. Ndugu mmoja wa ukoo hushikilia kwamba mtu huyo hana fungu katika ukumbusho ule, kwani wenzake walimpiga Mzungu, yeye akambebea Mzungu mizigo. Ni kweli? Na kama si kweli, tumkumbuke wapi, maana hata kaburi hana?

Marahaba, mwanangu. Nikupe jibu kwanza, halafu tufuatane pole pole: ndugu yenu amekosea. Babu yenu ana fungu lake pale bustanini, wala simpi kwa kumwonea huruma. Zipange tarehe za 1913 na 1914 moja baada ya nyingine, utaona kwamba mzigo aliotwikwa ulitoka mle mle ndani ya vita ambavyo sanamu ile imesimama kuvikumbuka.

Tuanze na swali la mtoto, kwa sababu ndilo msingi. Sanamu ilizinduliwa tarehe 20 Oktoba 2010, siku ambayo Kenya ilisherehekea Mashujaa kwa mara ya kwanza, na bustani ikapewa jina la Mekatilili wa Menza, ingawa wenyeji wengi bado twasema Uhuru kwa mazoea. Kabla ya hapo, mgeni akiingia Malindi alionyeshwa nguzo ya Vasco da Gama kule ufukweni, alama ya Mreno aliyetia nanga hapa mwaka 1498. Mji ulikaa na kumbukumbu ya mpita njia kwa karne nyingi kabla ya kumsimamishia mwenye nchi yake. Nalisema hilo kwa sababu linanigusa kila nipitapo.

Vita vilikuwa vya nani? Wazee wa Kigiriama huviita kondo ya Chembe. Kondo ni vita. Chembe ni Arthur Champion, ofisa wa serikali ya Kiingereza aliyetumwa Ugiriamani mwaka 1912 na agizo la mambo mawili: kodi ya nyumba na vijana wa kazi. Hapa ndipo vitabu vingi vya shule hupita mbio, na hapa ndipo mimi ningekaa na mtoto.

Wagiriama wa wakati huo hawakuwa watu wa kuomba kazi kwa mtu. Walikuwa wameshavuka mto Sabaki kuelekea kaskazini, wakafungua mashamba katika udongo ule mzuri, wakavuna mahindi ya kula na ya kuuza. Nafaka ikishuka bandari ya Malindi, na pembe za ndovu zikipita kwa njia zake. Mtu mwenye shamba, mbuzi na minazi hana sababu ya kwenda kulima shamba la mtu mwingine kwa ujira. Sasa pwani hii walikuwa wamekuja walowezi na makampuni yenye mashamba ya pamba na mpira, nao walilia kila siku kwamba hawapati vibarua. Serikali ikaona kuwa dawa ni kuwabana wenye mahindi: walipe kodi kwa fedha taslimu, watoe vijana, na wale wa ng'ambo ya Sabaki warudishwe kusini, ili ile ardhi nzuri ibaki wazi. Kwa hiyo mtoto akiuliza walipigania nini, mwambie shamba la mahindi na kijana wa kulilima. Atakuelewa, watoto wa Malindi wanajua shamba.

Mekatilili anaingia hapo. Jina lake la utotoni lilikuwa Mnyazi, binti wa Menza, mzaliwa wa upande wa Ganze, na Mekatilili maana yake ni mama wa Katilili, mwanawe. Alikuwa mtoto wa kike peke yake kati ya wavulana, na masimulizi ya kwao yanasema kaka yake mmoja, Mwarandu, alinyakuliwa na wafanya biashara wa watumwa na hakuonekana tena. Mwanamke aliyewahi kuona ndugu akichukuliwa asirudi, ukimjia ukamwambia watoe vijana waende kazini mbali, atasikia nini masikioni mwake? Tafadhali lishike jambo hilo, maana litarudi tukifika kwa babu yenu.

Mwaka 1913, akiwa mjane wa makamo, akaanza kutembea kijiji hadi kijiji akicheza kifudu, ngoma ya mazishi, na watu wakimfuata. Akashirikiana na mzee Wanje wa Mwadorikola. Wakakusanya watu Kaya Fungo, boma takatifu la Wagiriama msituni, na huko vikaliwa viapo, mukushekushe kwa wanawake na fisi kwa wanaume, kwamba hakuna atakayemtumikia Mzungu. Kiapo cha fisi si cha mchezo. Mtu aliyekila na akakivunja aliogopa kulala.

Kisha kuna kisa cha kuku, ambacho najua umemsimulia mtoto, kwani hakuna asiyekisimulia. Mekatilili alifika mkutanoni na kuku mwenye vifaranga, akamwambia Champion achukue kifaranga kimoja. Alipoinama, kuku akamdonoa. Akamwambia: ndivyo utakavyopata ukijaribu kuchukua mtoto wetu mmoja. Nami nakipenda kisa hiki, na kaya ziendelee kukisimulia. Ila wasimulizi wa siku hizi hukosea mahali pamoja: husema Champion alikuja kutafuta wanajeshi wa Vita Kuu. Mkutano ule ulikuwa Agosti 1913, na Vita Kuu vilianza Agosti 1914. Mwaka mzima uko katikati. Vijana waliotakiwa siku ya kuku walitakiwa kwa kazi za mashambani na za serikali. Haja ya wapagazi wa jeshi ilikuja baadaye, na ilikuja kama adhabu. Tofauti hiyo ya mwaka mmoja ndiyo inayomtetea babu yenu, kwa hiyo nisamehe nikiisisitiza.

Oktoba 1913 Mekatilili na Wanje wakakamatwa, wakahamishiwa Kisii, upande wa pili kabisa wa nchi. Januari 1914 wakatoroka na kurudi kwa miguu. Wengine husimulia kwamba walipelekwa Mumias. Mimi nashika Kisii kwa sababu ndiko kunakotajwa na kumbukumbu za serikali za wakati ule. Mwendo ule, kwa mwanamke wa umri wake, katika nchi asiyoijua wala lugha za watu wake, mimi naona ni tendo kubwa kuliko hata lile la kuku, lakini halina kuku ndani yake na kwa hiyo halisimuliwi sana.

Sasa tarehe. Tarehe 4 Agosti 1914 serikali ililipua Kaya Fungo kwa baruti, ikafunga mahali ambapo viapo vilikuwa vimeliwa. Siku hiyo hiyo, kule Ulaya, Uingereza ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani. Mgiriama aliyesikia mshindo wa kaya hakujua habari za Ulaya, lakini ndani ya wiki mbili vita viwili vilikuwa vimekuwa kimoja. Katikati ya Agosti, polisi wakiwa wanasaka vijana, askari mmoja akambaka mwanamke wa Kigiriama. Watu wakamwua askari huyo. Mishale ya sumu ikaanza kuruka, Champion akashambuliwa, na serikali ikaita jeshi. Kwa bahati mbaya ya Wagiriama, askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Waafrika, walikuwa wamejaa Mombasa wakingoja kupelekwa mpakani kupigana na Wajerumani, kwa hiyo hawakuwa mbali. Waligeuzwa wakaja huku kwanza.

Uta ukakutana na bunduki. Zaidi ya Wagiriama mia moja waliuawa, nyumba zikachomwa kwa maelfu, mbuzi wakatekwa kwa maelfu. Mekatilili akakamatwa tena na kuhamishwa tena, hakuruhusiwa kurudi hadi Vita Kuu vilipokwisha. Alifariki miaka ya 1920 na amelala Bungale, Magarini.

Kabla mwaka 1914 haujaisha, serikali ikataja bei ya amani. Faini ya rupia 100,000. Watu wote wahame ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki, waache mashamba yao. Na wanaume 1,000 watolewe wakawe wapagazi wa jeshi.

Soma tena hilo la tatu, mwanangu, kisha mpelekee ndugu yenu. Wapagazi elfu moja waliandikwa katika masharti ya kushindwa vita, pamoja na faini na kufukuzwa mashambani. Kijana aliyefungwa shingo akapelekwa Mombasa kubeba mizigo hakuwa amechagua upande wa Mzungu. Alikuwa amelipishwa, kama mbuzi aliyetolewa zizini kulipa faini. Mekatilili aliposema hamtachukua kifaranga hata kimoja, kifaranga chenyewe ndiye huyo babu. Itawezekanaje tumkumbuke kuku kwa sanamu, na kifaranga aliyechukuliwa tukaseme hana fungu?

Inawezekana babu yenu hakuwa katika ile elfu ya kwanza. Mwaka 1915 serikali ilitunga sheria ya kuwachukua watu kwa nguvu wawe wapagazi, na mwaka 1917 ukaja msako mkubwa kuliko yote, nchi nzima. Kama nyanya yako alizaliwa kabla ya hapo kidogo, huenda baba yake alichukuliwa katika msako huo. Jibu langu halibadiliki. Bado alichukuliwa kutoka katika nchi iliyochomwa nyumba, iliyonyang'anywa mbuzi na mashamba ya ng'ambo, ambayo njaa ilikuwa imeingia. Watu waliokuwa na ghala zilizojaa walikuwa wameshaweza kukataa. Watu wenye njaa hawakuweza.

Na alikwenda kufanya nini? Neno Kariakoo lenyewe ni Carrier Corps iliyopinda kwenye ndimi zetu, kikosi cha wapagazi, na limebaki katika mitaa ya Dar es Salaam na Nairobi ambako kambi zao zilikuwa. Jeshi la Waingereza liliwafukuza Wajerumani kutoka Kilimanjaro hadi Ruvuma na kupita, katika nchi ambayo ng'ombe, farasi na punda walikufa kwa mbung'o. Kilichobaki ni kichwa cha mtu. Mpagazi alitembea na mzigo wa kilo 25 hivi, wa risasi au wa unga, siku baada ya siku, mvua ikinyesha, bila viatu. Kilichowaua wengi hakikuwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, kwa malaria na kwa homa ya mapafu. Walipewa unga wa kupikwa wasipewe muda wala kuni za kuupika, wakaula nusu mbichi na matumbo yakaharibika. Mtu wa pwani aliyezoea mhogo, samaki na nazi aliumia upesi katika baridi ya nyanda za juu. Kwa jumla, hesabu za Waingereza zinakubali wapagazi karibu 95,000 waliokufa upande wao katika vita vya Afrika Mashariki, na wanahistoria wengi wanaona hesabu hiyo ni ndogo.

Je, hao walikumbukwa? Nairobi, katika Barabara ya Kenyatta, ziko sanamu tatu za shaba tangu 1928, na mmoja wao ni mpagazi. Zimeandikwa Kiingereza, Kiswahili, na kwa herufi za Kiarabu. Maandishi yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, na yanamalizia kwa kusema kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Nimesimama mbele yake mara nyingi nikayasoma maneno hayo, na kila mara koo hunikaza, kwa kuwa wale 95,000 hawana jina hata moja pale. Mombasa na Dar es Salaam zina sanamu zao za askari wa vita hivyo, nazo vivyo hivyo. Askari Mzungu aliyekufa katika vita hivyo hivyo alipata jiwe lenye jina lake kaburini. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikakiri waziwazi kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao Waafrika wa mashariki na Wamisri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba mawazo ya ubaguzi ya wakati ule yalichangia. Babu yenu, mwanangu, kwa kila hali yumo katika hesabu hiyo.

Sasa swali lako la mwisho, tumkumbuke wapi hana kaburi. Hapa Wagiriama wana elimu ambayo tume hiyo haikuwa nayo. Kwetu, ukumbusho haujawahi kuhitaji maiti. Kigango, lile gogo lililochongwa kwa umbo la mtu, huwekwa kwa mzee wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima, aliyefariki, na hukaa bomani, si juu ya kaburi. Koma ni kigogo kidogo cha mtu asiyekuwa wa Gohu. Hata aliyefia mbali huweza kusimamishiwa chake nyumbani, akamwagiwa tembo na kuitwa kwa jina. Ndiyo sababu wizi wa vigango unaniuma mno: vingi vimeng'olewa na kuuzwa nje kama mapambo, baadhi vikakutwa katika majumba ya makumbusho ya Marekani, na vilivyorudi ni vichache. Anayeng'oa kigango ameng'oa jina.

Ikiwa familia yenu bado inashika mila, waulizeni wazee wa kambi, yaani baraza la wazee, kuhusu koma; wao ndio watakaojua utaratibu, mimi si mahali pangu. Kama nyinyi ni Waislamu au Wakristo na jambo hilo haliwaingii, haijazuia kitu. Someni dua au sala siku moja mkiwa mmekusanyika, na mtajeni kwa jina. Na kila Agosti huwa kuna sherehe za kumkumbuka Mekatilili, wazee wa kaya wakiandamana hadi bustanini. Nendeni. Mzee mmoja akitaja majina ya waliopigana, inukeni mseme na nyinyi mna mtu wenu. Nimekaa na wazee wengi wa Magarini na Ganze, na sijamwona hata mmoja ambaye angekukataza.

Ila ili umtaje, ni lazima uwe na jina lake, na katika barua yako hukuniandikia. Nashuku ni kwamba hujui, wala si aibu, ndivyo ilivyo katika nyumba nyingi. Usianzie kwenye nyaraka. Kumbukumbu za wilaya ziko Nairobi katika hifadhi ya taifa, na ukipata nafasi nenda ukazisome, lakini wapagazi waliandikwa kwa namba na majina yaliyokosewa, na mishahara mingi ya waliokufa haikuwahi kudaiwa kwa sababu familia hazikujulikana. Utapoteza wiki mbili usipate kitu, uvunjike moyo.

Anzia nyumbani. Mtafute mtu mkongwe kuliko wote katika ukoo wa nyanya yako, na hasa wanawake, kwa kuwa wao waliokuwa wakisubiri ndio waliokumbuka. Usimwulize mwaka. Mwulize: alipochukuliwa, mahindi yalikuwa yamefika wapi? Mke wake alikuwa na mimba ya mtoto yupi? Walikuwa wanakaa ng'ambo ipi ya Sabaki? Mbari yake ni ipi? Alikwenda na nani, na kuna yeyote katika waliokwenda naye aliyerudi akasimulia? Rekodi kwa simu, sauti tupu yatosha, na umwache aimbe akitaka kuimba, kwani wimbo hushika jina ambalo maneno yameliangusha. Mimba ya mtoto yupi na mahindi kufika wapi ndivyo vitakavyonisaidia mimi kukutafutia mwaka, ukiniletea.

Kisha tazama majina ya walio hai. Unajua desturi yetu: mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba. Nyanya yako alikuwa na ndugu wa kiume? Basi mwana wa kwanza wa huyo ndugu alipewa jina la mtu mnayemtafuta, na mjukuu wa huyo mwana atakuwa amelipata tena. Nenda kwao ukahesabu vizazi kwa vidole. Yawezekana jina la babu yenu liko pale uani sasa hivi, linaitwa na mamake lije linywe uji.